Mashine Isiyosahau

Mtu akiniambia kompyuta ni kitu cha kuaminika, mimi humtazama tu. Wanangu hunicheka, wanasema mama ana ugomvi na vyuma. Sina ugomvi na vyuma. Cherehani yangu ni chuma, na tangu nimeinunua haijawahi kunivunjia heshima. Taipureta ya ofisini kwetu ilikuwa chuma. Mhudumu aliidondosha kutoka mezani hadi sakafuni, tukaiokota, ikaendelea kupiga herufi zote, moja tu ikiwa imepinda kidogo. Ninachokasirikia ni kitu kinachoingia nyumbani kwa watu kimetanguliwa na sifa, halafu kikishafika kinataka kubembelezwa.

Kompyuta yetu ilifika Shinyanga mwishoni mwa miaka ya themanini, kwa treni kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa ndani ya godoro. Mume wangu alikuwa mtaalamu wa udongo. Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kusoma kwa miaka miwili. Wenzake waliomtangulia walirudi na friji, wengine na pikipiki, mmoja na sofa nzima. Mimi huku nyuma nilibaki na watoto wetu, mama yake mzazi na mshahara wa mpiga chapa wa ofisi ya pamba. Nilikuwa nimemwomba friji ndogo tu. Akarudi na kompyuta. Alipoifungua sebuleni, majirani wamejaa mlangoni, niliona kitu kama televisheni kimekalia sanduku. Nikauliza, "Inaonyesha picha?"

"Haionyeshi picha," akasema. "Inafikiri."

Majirani wakasema aaa. Mimi nikaenda jikoni kuepua ugali.

Huko kufikiri kwake sasa. Asubuhi ilikubali, mchana ilikataa. Umeme wa mji wetu wakati ule ulikuwa ukija kwa kishindo mpaka taa zinakuwa nyeupe, halafu unalegea hadi balbu inabaki nyekundu kama kaa la mkaa. Ukilegea, mashine inazima, na ulichokuwa unaandika kimekwenda. Mume wangu akatafuta stabilaiza la kutuliza umeme, zito kama gunia la mahindi, likakaa pembeni likinguruma mchana kutwa. Hata hivyo ilizima. Kisha akagundua vumbi. Vumbi la Shinyanga wakati wa kiangazi halibishi hodi, kila mtu anajua, lakini yeye alitaka lisimame nje. Tukaambiwa tufunge madirisha. Tukakaa ndani tunatoka jasho, watoto hawaruhusiwi kukimbia sebuleni, hawaruhusiwi kupiga kelele, kwa ajili ya kitu ambacho hakijamsaidia mtu hata kuchemsha chai.

Na kila ilipogoma alikuwa na la kuitetea. Imechoka na safari. Inazoea hali ya hewa. Mjusi aliingia nyuma, tukamtoa, tukaambiwa ni yule mjusi. Mjusi alipokufa, ikagoma tena. Mama mkwe wangu, mtu aliyetwanga maisha yake yote kwa kinu kimoja, alikaa akiitazama, kisha akamwambia mwanawe, "Baba, hiki kitu chako kina mimba? Maana hakiamki."

Mimi nilicheka. Mume wangu hakucheka.

Wageni ndio walionimaliza kabisa. Kwetu mgeni akija anapewa kiti, anapewa soda kama ipo, anaonyeshwa picha za harusi, anawashiwa redio. Sasa ikaongezeka kompyuta. Mume wangu aliivua kitambaa chake taratibu, akabonyeza, na mgeni akakaa na soda yake akingoja. Wakati mwingine zilitokea herufi za kijani, mgeni akapiga makofi. Mara nyingi hakikutokea kitu. "Leo ina mafua," mume wangu alisema, na mgeni akaipa pole. Kuna siku nilikuwa na malaria, nimesimama na sinia natetemeka, na pole ikaenda kwa kompyuta.

Nieleze jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Mashine ile yenyewe haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu. Ulichoandika kilikaa kwenye disketi, kijikaratasi cheusi cha plastiki, chepesi, kinacholegea mkononi, kinachokaa ndani ya bahasha yake ndogo. Umeandika, unaamuru mashine iweke kwenye disketi, unaitoa, unaitunza. Hiyo disketi ndiyo kumbukumbu yote. Mume wangu alikuwa nazo chache. Mimi nilijifunza haraka kuliko yeye, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vya kazi hiyo. Yeye alidonoa kwa vidole viwili kama kuku.

Ndipo baba yangu alipokuja kutoka kijijini kwetu Didia, anakohoa.

Baba alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi ujanani, upande wa Geita, kwenye mgodi mdogo wa Mzungu mmoja ambao ulishafungwa zamani na mahali penyewe pameota vichaka. Vumbi la mawe lilikuwa bado limo kifuani. Daktari akasema abaki mjini, awe anachomwa sindano. Akalala chumba cha watoto, na mchana akakaa nasi. Hakuwa mtu wa maneno. Katika utoto wangu wote nilijua tu kwamba baba aliwahi kuchimba dhahabu na kwamba hataki kuulizwa.

Siku moja baada ya kula akasema, akiwa anaangalia mikono yake, "Mayu, wewe si kazi yako kuandika?"

Sisi Wasukuma mwanamke tunamwita mayu, mama, hata akiwa binti yako. Nikasema ndiyo, ni kazi yangu.

"Nina watu saba nataka waandikwe."

Akanieleza. Paa la mgodi lilianguka na watu saba wakabaki ndani. Baba alikuwa ametumwa juu kuchukua magogo ya kuegemezea paa, ndiyo maana alipona. Hawakuchimbuliwa. Mdomo wa shimo ukajazwa udongo, kazi ikahamia upande mwingine. Pale mgodini mchimbaji alikuwa namba tu, namba iliyogongwa kwenye kipande cha shaba unachovaa shingoni. Msimamizi alijua namba. Mzungu alijua namba, naye aliondoka na makaratasi yake. Jina la mtu, jina la baba yake na kijiji alikotoka, vilijulikana na wale aliokula nao chungu kimoja. Na katika wale wa chungu kile alibaki baba peke yake.

"Kwao hawakuambiwa?" niliuliza.

"Nilikwenda mimi. Kwa wa kwanza walinipokea, tukalia. Kwa wa pili mama yake alinifukuza kwa mchi."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Yeyote aliyekulia karibu na dhahabu anajua yanayosemwa juu ya mtu aliyetoka shimoni peke yake. Atakuwa amewatoa kafara wenzake ili apate mali. Baba hakupata mali yoyote, alipata kikohozi, lakini nani angemsikiliza? Hakwenda kwa wa tatu. Akanyamaza miaka yote hiyo, na kule Nyahanga, Ushirombo, kina mama wakazeeka wakiamini wana wao walinogewa huko wakasahau kwao.

"Nikishakufa," akasema, "utachukua karatasi uende. Wewe hawatakufukuza. Hukuwa shimoni."

Nikamwambia Jumamosi nitaomba taipureta ofisini. Nitaweka kaboni, nitoe nakala mbili, moja yangu, moja yake. Nilikuwa nimeshaipanga kazi yote kichwani. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale.

"Karatasi?" akasema. "Karatasi italiwa na mchwa. Tumekaa na kompyuta humu ndani halafu mzee aandikwe kwa taipureta?"

"Kompyuta hii inayokufa kila siku?" nikasema.

"Inazima, haifi. Ukishaweka kwenye disketi imewekwa. Baba," akamgeukia baba yangu kwa sauti ya adabu, "mashine hii haisahau."

"Haisahau?" baba akauliza.

"Haisahau, baba. Mtu anasahau. Hii haisahau."

Baba akaitazama kompyuta kwa heshima ambayo mimi sikuwahi kuipa. Nilitaka kusema neno. Mume wangu akatangulia, akacheka, "Mwanao ni mtu wa zamani kuliko wewe." Mbele ya baba yangu! Huwezi kujibizana na mumeo mbele ya baba yako mzazi, kwetu hilo halipo. Nikameza. Hasira ile niliyoimeza iko hapa hapa, haijashuka.

Tukaandika. Mchana nikitoka kazini, umeme ukiwapo, baba alikaa kwenye kigoda nyuma yangu akasema, mimi nikapiga. Alisema kwa utaratibu. Jina, jina la baba yake, kijiji, nyumba iko upande gani wa njia. Halafu alisema kitu kimoja cha kumtambulisha mtu. Huyu alikuwa na kovu la fahali pajani. Huyu alikuwa akiimba nyimbo za kulima hata chini kule, mpaka msimamizi akamkataza. Huyu alikuwa ameacha mke mjamzito. Mara mbili umeme ulikatika katikati na tukapoteza kila kitu, nikageuka nikiwa nimekunja uso, nikamkuta baba ametulia. "Si neno," akasema, akaanza upya, na yakatoka maneno yale yale, bila kupunguza hata moja. Sijawahi kuona mtu anashika jambo namna ile.

Tulipomaliza nikaiweka kazi kwenye disketi. Nikaifungua tena nihakikishe, ikatokea. Nikamsomea yote kwenye kioo, kuanzia wa kwanza hadi wa saba, majina ya kijani yakipanda polepole. Baba alikuwa akiitikia kila jina kwa kichwa. Mwisho akauliza, "Imeshika?"

Nikasema, "Imeshika, baba."

"Wabeja," akasema. Asante. Na uso wake ukalegea, nikaona ni mtu mzee sana. Wiki hiyo hiyo daktari akamruhusu, akarudi Didia.

Nilitaka nitoe kwenye karatasi. Haikuwezekana, kwa sababu mtaalamu wetu alinunua mashine ya kuandikia bila mashine ya kuchapia. Printa, akasema, rafiki yake ataileta kutoka Dar. Basi nikataka kunakili kwa mkono kutoka kwenye kioo, na kila nilipokaa, ama umeme hakuna, ama ina mafua, ama yeye anaonyesha mgeni. "Una haraka gani?" alisema. "Imeshatunzwa." Na aliitunza mwenyewe, kwa mkono wake, akiniita nishuhudie. Aliichukua ile disketi katika bahasha yake akaiweka juu ya redio, chini ya kitambaa.

Kila nyumba ya watu wa heshima ilikuwa na mahali pale. Juu ya redio, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, ndipo zinapokaa kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, risiti za ada. Watoto hawagusi. Redio yetu ilikuwa kubwa, ya sanduku, spika pana kifuani, na mume wangu alikuwa ameilaza chali juu ya kabati, ati sauti ipande darini ishuke nyumba nzima. Kitambaa kikatandikwa juu ya spika hiyo, na vya thamani chini yake. Ilikuwa ikiunguruma pale tangu salamu za asubuhi, taarifa ya habari, matangazo ya vifo, muziki wa dansi. Haikuwahi kuharibika hata siku moja. Nayo disketi ya baba imelala kifuani pake, miezi.

Printa ikaja. Mume wangu akaalika watu, kama kawaida yake. Mama mkwe yupo, majirani wapo. Akaitoa disketi, akaitumbukiza, mashine ikakwaruza kama mbwa anayetafuna mfupa. Kikatokea kimstari cha kijani kwamba haisomeki. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akarudisha. Haisomeki. Akapuliza. Haisomeki. Halafu akanigeukia, mbele ya watu wote wale, akasema:

"Siku ile ulibonyeza nini?"

"Nilibonyeza unavyobonyeza wewe. Nikamsomea baba yote."

"Utakuwa ulibonyeza kitu. Mnapenda kubonyezabonyeza."

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo habari ya mjini. Mgeni akija, haonyeshwi tena herufi za kijani, anaambiwa, "Mke wangu alifuta kazi ya mzee." Alisema kwa upole, kwa kunisamehe, kama mtu mwema anayeishi na mjinga. Mimi, niliyepiga chapa barua za ofisi ya pamba miaka yote ile bila kurudishiwa hata moja! Nilipika, nikafua, nikaenda kazini, nikarudi, na kila usiku nilijiuliza kidole gani. Nilianza kuamini. Hilo ndilo siwezi kulisamehe, kwamba nilianza kuamini.

Jumapili moja nilikuwa natia pindo gauni la binti yangu. Nikaliweka kopo la pini juu ya redio, mtoto akanigonga, pini zikamwagika kwenye kitambaa. Hazikulala. Zilisimama wima, katikati pale juu ya spika, zimesimama zote kama nyasi. Nikavuta moja, ikakataa kidogo kabla ya kutoka. Nikabaki nimeishika.

Nikafungua droo, nikaitoa disketi. Kwa mara ya kwanza nikageuza bahasha yake nikaangalia mgongoni. Kulikuwa na michoro midogo kwa ajili ya wasiojua lugha. Usikunje. Usiguse kwa kidole. Usianike juani. Na mchoro mmoja wa sumaku, ile iliyopinda kama kwato, imepigwa msalaba, maana sumaku hufuta kilichoandikwa.

Nikamwita baba watoto. Alikuwa anasoma gazeti nje. Nikamwonyesha mchoro, nikamwambia, "Soma."

Akatazama. "Redio si sumaku," akasema.

Nikaidondosha pini juu ya redio. Ikasimama.

Aliitazama ile pini, mtaalamu wetu, msomi wetu wa ng'ambo, aliyeibeba bahasha ile toka Ulaya bila kuigeuza. Nilingoja aseme pole. Neno dogo tu, lile alilokuwa akilipokea kwa niaba ya kompyuta miezi yote ile. Nilingoja aite wale wageni wake, mmoja mmoja, awaambie, "Mke wangu hakufuta kitu." Akakunja gazeti akasema:

"Basi mzee atasema tena. Kwani ana kazi gani?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Mama mkwe alinisimulia baadaye kwamba nilizungumza mpaka mabata ya jirani yakakimbia, na kwamba yeye alifunga mlango ili mwanawe asipate pa kutokea. Mungu ampumzishe mama yule. Redio niliisimamisha wima. Kompyuta niliitoa kwenye meza, nikaiweka chini, na juu ya meza nikaweka cherehani, na hakuna aliyethubutu kunihoji.

Jumamosi iliyofuata nikaomba taipureta kwa mkuu wangu. Nikaifunga kwa kitenge, nikaipakata ndani ya basi mpaka Didia, mapaja yamekufa ganzi. Baba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba, anabangua karanga. Alikuwa amekonda. Nikapiga goti nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, yote kwa utaratibu wake. Kisha nikamwambia.

"Baba, yale maneno yamepotea. Mashine imeyapoteza."

"Yote?"

"Yote."

Akabangua karanga kadhaa. "Uliniambia imeshika."

"Ilikuwa imeshika, baba."

Nikaweka taipureta juu ya kigoda, nikapanga karatasi na kaboni, nikavuta kingine cha kukalia. "Tuanze tena," nikasema. "Kama siku ile. Umeme hauhitajiki hapa."

Akaanza. Wa kwanza akamtaja vizuri, jina, baba yake, Tinde, nyumba iko kulia. Wa pili akataja jina, akasema Nyahanga, akasimama. "Hapana. Wa Nyahanga alikuwa yule mwenye kovu." Akarudi nyuma. Akataja jina ambalo siku ile halikuwepo, akalikataa mwenyewe. Akajikuna kichwa kwa kidole chenye ganda la karanga. Nilikuwa nimezoea kumwona baba anakohoa, lakini sikuwahi kumwona anatafuta neno.

"Pumzika kidogo, baba," nikasema.

"Si kuchoka, mayu. Unajua nilikuwa nafanyaje? Nilikuwa nikipeleka ng'ombe malishoni nawaita. Kila siku, toka nilipotoka kule, mmoja mmoja kwa majina yao, mpaka wa saba. Niliogopa nikiacha siku moja watapotea. Mama yako alidhani naongea na ng'ombe." Akatabasamu kidogo. "Uliponisomea kwenye kioo, nikasema, haya, sasa wana pa kukaa. Nikarudi nikaacha kuwaita. Nimepumzika, usingizi nimepata."

Akaweka ungo wa karanga chini, akanisogelea, akaniangalia usoni bila lawama yoyote, kama mtu anayemuuliza mwenye kujua.

"Ila wewe uliwaandika kwa mkono wako. Hebu nikumbushe. Huyu wa tatu, alikuwa mtoto wa nani?"

Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya herufi, na sikuwa na cha kupiga.